Mwaka wa Vichwa na Migongo

Arobaini ya mwenzangu Hawa ilikuwa haijafika nilipobishiwa hodi na msichana mmoja mwenye miwani mikubwa na viatu vyeupe ambavyo matope ya Riruta yalikuwa yameshavibatiza. Alisema anaitwa Stella na anafanya kazi kwenye galari ileile iliyotaka kutuonyesha ujanani, ingawa Madam Lorna aliyekuwa akiisimamia zamani zetu alishastaafu na kuhamia ng'ambo kwa watoto wake. Alinipa pole kwa adabu, akanywa chai yangu mpaka tone la mwisho, kisha akatoa mfukoni kitabu ambacho sikuwa nimekiona kikiwa kizima kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa ile katalogi yetu ya maonyesho. Rangi za jalada zilikuwa hazijapauka hata kidogo. Juu kilikaa kichwa cha mwanamume nilichochora mimi, chini ukakaa mgongo wa mwanamke aliouchora Hawa, na pale vilipokutana palikuwa pameunganishwa kwa ustadi hata ukaona mtu mmoja aliyekugeuzia mgongo huku uso wake unakutazama. Stella alisema wanataka kuichapisha upya, jalada lilelile na maneno yaleyale, kwa heshima ya marehemu. Familia ya Hawa kule Makina ilikuwa imewaambia haina neno, mradi mimi nikubali. Nilimuuliza kama amewahi kusikia yaliyotokea kitabu hicho kilipotoka mara ya kwanza. Akasema alisikia tu kwamba tulikuwa wasanii wagumu. Nilicheka mpaka nikakohoa, nikamwongezea chai.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alinilea, maana hayo hayakuwa na mkono katika jambo hili. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikaa mtaa uitwao Congo, pale Kawangware, kwenye chumba cha mabati ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa pia ukuta wa jirani, kwa hiyo ndoa yake niliijua vizuri kuliko wazazi wake. Chumba kilinuka thina ya rangi na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Nilikuwa nikichora mabango ya kinyozi, kazi ambayo wanaume waliiona yao, na kila nilipopanda ngazi na brashi kulikuwa na mmoja wa kusimama chini kunifundisha. Mabango ya kinyozi yana sheria yake. Kinyozi hunyoa kichwa, basi mteja aonyeshwe kichwa. Shingo inakatwa kwenye kola nyeupe, na chini ya kola ni ukuta. Hakuna aliyewahi kuniuliza mabega yako wapi. Kioko, kinyozi aliyekuwa na kibanda karibu na kwangu, mtu wa Machakos mwenye maringo ya mtu aliyezaliwa siku ya sherehe, aliniambia hataki kichwa cha mtu mwingine kwenye duka lake, nimchore yeye. Nilimchora. Alitoka nje na kitambaa begani, akalitazama bango kwa muda mrefu.

"Ndinda, hizi maskio ni za nani?"

"Ni zako."

"Zangu hazijatoka nje hivi."

"Uliza hao."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walitoa vichwa mlangoni mmoja baada ya mwingine, wakaliangalia bango, wakamwangalia yeye, wakasema ni zake. Kioko alinuna hadi jioni, lakini hakuliondoa bango. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuchora, mbele ya watu wanaomjua aliyechorwa, na ambao wako tayari kukuambia umekosea kabla rangi haijakauka. Baadaye nimekaa kwenye vikao vya watu waliosoma sanaa, wakizungumza juu ya ukweli wa picha kwa maneno marefu, na sijaona kikao kilichokuwa kikali kama benchi la Kioko.

Madam Lorna alituangukia kwa sababu ya pancha. Gari lake lilikwama mbele ya kibanda, na wakati vijana wakibadilisha gurudumu yeye alisimama akimtazama Kioko wa ukutani, kisha Kioko mwenyewe, kisha wa ukutani tena. Alikuwa mwanamke mrefu wa Lavington, sauti ya taratibu, mikono isiyotulia. Siwezi kumnyima haki yake: alikuwa na jicho. Aliniletea kanvasi na akaniambia nichore vilevile ninavyochora, nisijaribu kuwa mtu mwingine. Nikamchora Kioko tena, vizuri zaidi, na masikio yake yote, halafu nikachora muuza mayai, mama wa maji na shemasi wetu. Wote waliishia kwenye kola, maana mkono wangu haukujua kwenda chini zaidi. Madam alikuja kuviona vichwa hivyo akafurahi kama amepewa zawadi. Akasema kuna msichana mwingine, Kibera, pale Makina, anayechora watu kwa nyuma tu. Hajawahi kuchora uso hata mmoja. "Nyinyi wawili lazima mkutane," alisema, na macho yake yalikuwa yameshaanza kupanga jambo.

Nilikwenda kwa miguu, nikaifuata Naivasha Road mpaka Ngong Road, nikakatiza soko la Toi katikati ya marundo ya mitumba. Nyumba niliyoelekezwa ilikuwa ya kizamani, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, baraza mbele na vyumba vya kupangisha ubavuni. Kwenye mkeka alikaa bibi mmoja wa Kinubi aliyevaa gurbaba ya manjano, ile nguo yao ya kujitanda, vidole vyake vikisuka tabaga, vile vifuniko vya ukili vya rangi rangi wanavyofunikia chakula. Huyo ndiye aliyeitwa Haboba, yaani nyanya, na nyumba ilikuwa yake. Nilimwambia "Sasa," kama tulivyozoea kwetu, nikajuta papo hapo. Akajibu, "Sasa ni saa ya kula, mjukuu wangu. Kaa." Hawa alitoka ndani na sinia. Alikuwa mfupi, mwembamba, rika langu, na mtandio umejaa madoa ya rangi. Tulikula kisra, ule mkate wao laini mwembamba, na mchuzi wa bamia na nyama. Baada ya kunawa, Haboba alitaka kujua nilichobeba ndani ya leso. Nilikuwa nimemleta Kioko. Nilipomfunua, Hawa alifunga macho, akangoja nyanya yake aseme.

Haboba hakukasirika. Aliniuliza huyu mtu ana mwili mahali pengine? Nikasema hapana, anaishia hapo. Akauliza tena, je, nitakuja kumwongezea siku nyingine? Nikasema sijui kuchora mabega. Ndipo akatoa hukumu yake, polepole, bila kuacha kusuka. Mwenye kuchora mtu kamili, alisema, ataulizwa kesho kwa Mungu kama anaweza kumpa roho. Lakini mtu bila uso si mtu, ndiyo maana alimruhusu Hawa achore migongo. Na kichwa bila mwili hakiwezi kuishi hata dakika moja, kwa hiyo hicho nacho hakimwogopeshi. "Vyote viwili vitakaa kwangu," alisema. "Sharti moja. Visipandane. Kichwa kikiwekwa juu ya mgongo, hapo mmeniletea mtu ndani ya nyumba ninayoswalia, na mtahama naye." Hawa aliniangalia kwa pembeni na nikaona ameshika mdomo asicheke. Hakuwa akimcheka nyanya yake. Alifurahi tu kwamba nimeruhusiwa.

Haboba alitupa chumba cha mwisho cha ubavuni, ambacho angeweza kukipangisha. Sitasahau chumba kile. Vichwa vyangu vilikaa ukuta wa mlangoni, migongo ya Hawa ukuta wa dirishani, na sisi katikati, kila mmoja kampa mwenzake kisogo. Nilikwenda siku nyingi za wiki, na Ramadhani ilipoingia nilifunga nao mchana kwa aibu ya kutafuna mbele yao, hadi Haboba akanigundua na kuniletea chai kwa nguvu. Kupitia dirishani tulisikia kila kitu cha Makina: mpangaji mpya anapika nini, nani ameposwa, nani ameposwa tena. Wanawake walipokuja kumsalimu Haboba walipitia kwetu kutazama kazi. Nilidhani watauliza mbona watu wa Hawa hawana nyuso. Hawakuuliza hata siku moja. "Huyu ni mama Saida," mmoja angesema, "ona bega lile la kushoto, lilishuka tangu ajifungue pacha." Mwingine angesema, "Na huyu ni mwalimu wa madrasa, anatembea hivyo hivyo akichelewa." Waliwajua wote, na wakabishana kuhusu mmoja tu, ambaye mgongo wake Hawa alikiri hakuumaliza vizuri. Nilitambua basi kwamba hata yeye alikuwa na benchi lake la Kioko.

Mgongo ulioshinda yote ulikuwa wa Haboba mwenyewe. Alikuwa amekaa mkekani, gurbaba ya manjano imebana mabegani, kichwa kimeinamia tabaga kiasi kwamba huoni ila mkunjo wa shingo. Ulikuwa mgongo wa mabibi wote unaowajua na pia wake peke yake. Haboba alikuja kuutazama mara moja, akaukagua mkunjo wa gurbaba, akasema, "Nimezeeka," akarudi barazani. Siku ile Hawa hakushika brashi tena. Alikaa akitabasamu peke yake kama aliyepata barua ya kazi. Nilimwonea wivu, nasema kweli, na nikaenda zangu nyumbani kumchora mama wa maji upya tangu mwanzo.

Mvua za masika zilipokwisha Madam Lorna alikuja na mpiga picha. Mpiga picha alipiga kila kanvasi mbele na nyuma, Madam akachukua nane kwa ajili ya maonyesho, akatuambia kutakuwa na katalogi na sisi ndio tutakuwa moyo wake. Hatukujua katalogi ni kitu gani hasa. Alieleza kwamba maonyesho hukaa mwezi mmoja yakaisha, lakini katalogi hubaki, na kwamba watu wa Ulaya na Amerika watatujua kupitia kitabu hicho hata tukiwa tumekufa. Hilo lilituingia. Hawa alinunua mtandio mpya. Miezi miwili baadaye tuliitwa galari tuone karatasi za mwanzo kabla ya kitabu kwenda kwa mchapaji. Tulikaa kwenye viti vya ngozi, tukaletewa maji yenye limau, na Madam akaweka jalada mezani akarudi nyuma hatua chache, kama mpishi anayengoja sifa.

Kichwa cha Kioko, juu ya mgongo wa Haboba.

Nakumbuka kwanza nilitaka kucheka. Kioko na nywele zake za panki, masikio nje, amevalishwa gurbaba ya manjano. Halafu nikamtazama Hawa, na kicheko kikaisha. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Madam hakuona, alikuwa akitusomea aliyoyaandika ndani, akitutafsiria kadiri alivyoweza. Aliandika kwamba sisi ni nusu mbili za mtu mmoja. Kwamba mimi nachora vichwa kwa sababu Kawangware ni mahali pa kelele na kupigania kuonekana, naye Hawa anachora migongo kwa sababu Kibera ni mahali ambapo dunia imepapa kisogo. Kwamba peke yetu hatujakamilika, na ukituweka pamoja ndipo mtu wa mabanda anapozaliwa. Mimi nilichora vichwa kwa sababu kinyozi hanyoi magoti. Nilimwambia hivyo. Alitabasamu akasema msanii hajui kila mara kwa nini anafanya anachofanya. Huenda ni kweli, lakini nilijua hilo moja.

Hawa ndiye aliyesema hasa. "Hiki kichwa kitoke hapo, Madam."

"Kwa nini? Si mnaona vile imetokea poa?"

"Huyu ni nyanya yangu. Huyo ni mwanaume wa Kawangware. Umewaoza na hukuuliza mtu."

"Hawa, ni sanaa. Nani atajua ni nani?"

"Sisi wote tutajua," Hawa alisema. "Makina yote inajua huo mgongo. Hata kuku wanaujua."

Alimweleza na sharti la Haboba, neno kwa neno, na lile la kuhama. Madam alisikiliza mpaka mwisho, na sidhani hakuelewa. Alivua miwani. Alisema Nairobi ina wachoraji wengi wazuri na hakuna atakayewakumbuka mmoja mmoja. Wawili wakikaa pamoja wanakuwa hadithi, na hadithi hukumbukwa. Yeye amepigania watu wetu wasidharauliwe tangu tukiwa watoto, na jalada hili lingetufungulia milango ambayo sisi hatukujua hata ipo. Tena mchapaji anangoja. "Nyanya yako hataona hiki kitabu," alimalizia, si kwa ubaya.

"Mimi sio hadithi," nilisema. "Mimi ni fundi wa mabango."

"Mkitoka na hizo picha, Ndinda, hakuna galari hapa itawachukua. Si mimi nitawazuia. Ni vile mji huu uko."

Tulitazamana na Hawa. Najua alikitaka kitabu kile kuliko mimi. Alikuwa amewaza Ulaya na Amerika usiku na mchana tangu siku ya mpiga picha, na mtandio mpya ulikuwa kichwani. Nilimwachia yeye aamue, maana nyanya hakuwa wangu na nyumba haikuwa yangu. Hawa alisimama, akaenda ukumbini, akaanza kuishusha migongo yake kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine. Nikashusha vichwa. Askari wa getini alitaka kutuzuia, na Madam akampigia kelele kutoka mlangoni atuache, picha ni zetu. Kwa hilo pia simnyimi haki yake. Tulizifunga kwa leso, tukazibeba juu ya vichwa, tukatembea Ngong Road saa saba mchana jua likiwaka, tukiwa na hasira nzuri ambayo sijawahi kuipata tena. Mtu mmoja kwenye kituo alituuliza tunauza vioo? Hawa alimjibu kwamba tunauza watu, na yule bwana akapisha njia.

Kitabu kilitoka vilevile. Madam alikuwa na zile picha za mpiga picha wake, nasi hatukujua kwamba zinaweza kuzuiwa, wala njia ya kuzuia. Maonyesho yalifunguliwa kwa kazi za wachoraji wengine. Aliyetuletea habari alikuwa Kioko. Mteja wake mmoja aliyefanya usafi kule galari alimpa nakala, na Kioko alikuja nayo chumbani kwangu akiwa hajui acheke au apigane.

"Ndinda, mbona nimevaa gauni?"

Nilimweleza. Alikaa kwenye ndoo yangu ya maji akafikiri. Alisema anaheshimu mama wa watu, na kama huyo bibi ana wana wa kiume wakija kumuuliza, mimi nitasimama mbele. Kisha akaniomba nimwambie ukweli, je, masikio yametoka vizuri? Nikasema yametoka. Nikaichukua nakala ile nikaenda nayo Makina.

Nilidhani tutaificha. Hawa aliitazama, akaifunika kwa mtandio, akaniambia hapana, atampelekea yeye mwenyewe, maana Haboba akiipata kwa jirani hatakuwa amesikitishwa na picha tu. Kama angefukuzwa hakuwa na pa kwenda, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho kama vitanda viwili vinaweza kuingia chumbani kwangu Congo. Haviwezi. Tulingoja Haboba amalize swala ya alasiri. Aliporudi mkekani Hawa alipiga magoti, akaweka kitabu mbele yake bila neno.

Haboba alikitazama kwa muda. Alikipeleka mbali na macho, akakileta karibu.

"Huyu juu ni nani?"

"Kioko, Haboba. Kinyozi wa Kawangware. Yule wa Ndinda."

"Ameoa?"

"Ameoa," nilisema mimi.

"Mkewe ameona hii?"

"Bado."

"Na nyinyi mlikubali?"

"Tulikataa," Hawa alisema. "Tulishusha picha zote tukaja nazo. Wamefanya wenyewe."

Barazani hapakuwa na mwingine, ila nilijua nyuma ya kila pazia la nyumba ile kulikuwa na mpangaji aliyesimama. Kisha Haboba akanyoosha mkono nyuma yake, kwenye kikapu cha ukili, akatoa mkasi wake wa kukatia miyaa. Alilishika jalada kwa mkono wa kushoto, akaanzia pembeni, akakata pole pole, akifuata kola nyeupe niliyoichora mimi, mpaka akatokea upande wa pili. Karatasi ilikuwa ngumu na alilazimika kukaza. Alinipa kile kipande cha juu. "Mrudishie mwenyewe, mwambie nimemwachia salama." Kile cha chini alikiweka mapajani kwake. Halafu akamgeukia Hawa, aliyekuwa bado amepiga magoti na machozi yamefika kidevuni.

"Na wewe mbona umekaa? Nani amekuambia uache kazi?"

Hawa alilia hapo kwa sauti, nami nikalia, na nyuma ya pazia mtu akaguna. Kuanzia siku ile hakuna nakala iliyofika Makina ikatoka nzima. Watoto wa shule waliileta, mafundi waliileta, mwalimu wa madrasa aliileta mwenyewe akitaka kujua kama mgongo wake umo ndani. Haboba alikata zote. Vipande vya chini vilibaki kwake, vya juu nilimpelekea Kioko, akavibandika kuzunguka kioo chake chote, vyote sawasawa, hata wateja wakawa wanalalamika hawajioni. Nakala zilizobaki nzima ziko kwa watu wasiotujua.

Madam alisema kweli kuhusu mji. Kwa miaka mingi hakuna galari iliyotufungulia mlango, na walioandika juu yetu waliandika kutoka katalogi ile, nusu moja na nusu nyingine. Tulionyesha kazi zetu kwenye baraza ya Haboba na kwenye kuta za Congo, tukauza kwa watu waliokuja kutafuta, na nikaendelea kupanda ngazi na brashi. Sikufa njaa na sikuomba msamaha. Haboba alipofariki, watu walimwambia Hawa sasa yuko huru, achore nyuso. Hata mimi nilimuuliza, tukiwa tumekaa kwenye chumba kilekile. Aliniambia, "Nilianza kwa sababu ya Haboba. Sikuendelea kwa sababu yake." Alichora migongo hadi mwezi aliougua, na kila mmoja ana jina la mtu chini yake. Sijaona mgongo wa Hawa uliopungukiwa na kitu.

Nilimweleza Stella haya yote na chai ikapoa. Alisikiliza vizuri, yule msichana. Nilimwambia kama wanataka kitabu, wampe Hawa kurasa zake na mimi zangu, majina ya watu chini ya kila picha, na jalada liwe na maandishi tu. Alitoka nje akapiga simu. Alirudi akasema wakubwa wanasema bila jalada lile hakuna kitabu, kwa kuwa ndilo watu wanalolikumbuka. Akaniomba nifikirie tena, kwa sababu sijawa na kitabu kingine, na umri ndio huo. Hakunitukana, ni kweli. Ningependa kufa kuna kitabu chenye jina langu mahali fulani. Nilitamani sana, nikakaa na hiyo tamaa hapo kwenye kiti, halafu nikamwambia hapana, na nikamsindikiza hadi barabarani asije akapotea.

Kesho yake nilikwenda Makina. Niliogopa safari hiyo kuliko ile ya galari, kwa maana niliwaza labda wana wa Hawa walikitaka kitabu, labda kingekuwa kumbukumbu ya mama yao, na mimi ndiye niliyewanyima. Rehema, binti yake mkubwa, alikuwa barazani akichambua mchele. Nilimwambia wamekuja na nimekataa, nikaanza kueleza na kujitetea, maneno yakajikanyaga. Aliniacha nimalize. Kisha akasogeza sinia nipate pa kukaa, na nikaona anazuia kicheko.

"Aunty, sisi tulijua," alisema. "Mama alituambia akiwa hospitali. Alisema, wakija na kile kitabu msibishane nao, nyinyi mko na adabu sana. Watumeni kwa Ndinda."